Saa ya Kugeuka

Tsiala ametandaza ramani juu ya kitambaa cha plastiki,
kona ameziba kwa chupa ya siki, vitunguu viwili,
na saa ya mezani isiyotembea.
Ramani ni kuukuu, ya jeshi lililokwishaondoka.
Inaonyesha daraja.
Daraja lilibebwa na mafuriko mwaka aliozaliwa Gega, mwanangu,
na Gega sasa ana ndevu.

"Hapa tutavua viatu," anasema, kidole juu ya mto.
Kwenye karatasi mto ni uzi wa buluu, hauloweshi kidole.
Mimi naujua ulivyo mwezi wa sita theluji inapoyeyuka:
unang'ata vifundo kama mbwa.
Kwa hiyo tumechagua mwisho wa mwezi wa nane,
nyasi zikiwa zimeshakatwa,
viazi vikiwa bado havijataka mikono yetu.

Tunahesabu.
Kutoka kwa Guram hadi zizi la juu, mwendo wa saa mbili,
kwa miguu ya leo, si ile ya kwenye picha.
Kutoka zizini hadi misunobari, saa moja na nusu,
na hapo kuna mbwa wa wachungaji:
ongeza robo saa ya kusimama wima kama nguzo
na kumwita mwenye mbwa kwa jina tusilolijua.
Kisha mawe.
Tsiala anaandika alama ya kuuliza,
anaikoleza wino mpaka karatasi inatoboka.

Mkate mmoja mrefu, wa kuvunjia magotini.
Jibini ya chumvi. Mayai saba.
"Saba ya nini, na sisi wawili?"
"Matatu yako, matatu yangu, moja la kumhonga mbwa."
Kamba ya kuanikia nguo, kwa ajili ya ule mto.
Gega anataka tubebe simu yake yenye dira.
Tumemshukuru.

Mwaka ule tulikuwa watoto thelathini na mwalimu mmoja.
Tulifika pale maporomoko yanaposikika yasionekane,
ngurumo nyuma ya bega la mlima,
majani yote yakichuruzika maji na mvua hakuna.
Mwalimu Eteri akatazama saa yake, akasema: tunageuka.
Hakubisha mtu ila mmoja,
naye alikokotwa kwa mkoba wake.
Miaka arobaini na sita. Amezika mume, ameuza ng'ombe,
ametiwa goti la chuma hospitali ya Kutaisi,
na hata leo akikasirika
huinamisha mgongo kana kwamba kuna mtu anamvuta mkoba.

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe.
Naandika: saa nane mchana, popote tulipo, tunageuka.
Anachukua kalamu: saa nane na nusu.
Nakata. Anaandika upya.
"Mlima hauhami," namwambia.
"Na mimi je?" ananijibu.

Aliyesema mwenda pole hajikwai
hakuwahi kuyashuka mawe yale gizani.
Lakini silisemi hilo. Naenda kuosha vikombe,
naviosha hata vile vilivyo safi.
Nyuma yangu kalamu inakwaruza, inanyamaza,
inakwaruza tena.

Nikirudi, karatasi inasema saa nane,
kwa mwandiko wake, mkubwa, wa mtoto aliyeadhibiwa,
na pembeni, herufi ndogo kama sisimizi:
tuondoke saa tisa usiku.

Natafuta tochi. Betri zimevuja, zimeota kutu ya kijani.
Naziweka mezani, juu ya daraja lisilokuwepo.
"Tutanunua," anasema,
naye keshawasha jiko, keshateleka mayai,
ingawa leo ni Jumanne
na safari ni Jumamosi.